Wetu: siku tano katika nchi ya Wawampanoag

Siku ya kwanza: Lowell hadi Plymouth

Tumeondoka Lowell, Massachusetts, Marekani, saa mbili asubuhi, mimi na binti yangu wa miaka 11. Shule zimefungwa kwa likizo ya Aprili. Safari hii ni yake. Mwezi uliopita alirudi na karatasi ya darasani yenye picha ya nyumba ya duara, kama chungu kilichofudikizwa, na chini yake neno moja: wetu. "Mama, mbona wameandika Kiswahili?"

Si Kiswahili. Ni neno la Wawampanoag, wenyeji wa pwani ya kusini-mashariki ya Massachusetts, na maana yake ni nyumba. Nilimwambia kuwa ni sadfa, lugha hizi hazijapata kukutana. Lakini mimi nimekulia Pangani, na nikiulizwa nyumbani ni wapi husema "kwetu". Neno hilo halikuniachia. Usiku nikawa nalirudia kimoyomoyo.

Kuna jambo jingine lililonisukuma. Watu wa pwani yetu waliijua Massachusetts zamani sana, kwa nguo. Merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyovaliwa na kufanyiwa biashara kutoka Unguja hadi bara, karne ya 19 ilisokotwa katika viwanda vya jimbo hili na kupakiwa melini Salem. Mimi mwenyewe naishi miaka tisa sasa katika mji uliojengwa na viwanda vya nguo. Waliokuwa hapa kabla ya viwanda sikuwa nawajua hata kwa jina.

Tumefika Plymouth adhuhuri, mwendo wa kama kilomita 110. Ufukweni kuna jiwe lililochongwa 1620, mwaka Waingereza wa meli ya Mayflower walipofika. Wageni huja kulipiga picha. Sisi tulipanda kilima kilicho nyuma yake, kinachoitwa Cole's Hill, ambako pamesimama sanamu ya shaba ya Ousamequin, kiongozi wa Wawampanoag aliyefanya mapatano na wageni hao Machi 1621. Ni ya mwaka 1921, na imeelekea baharini. Karibu yake kuna bamba linaloeleza kwa nini tangu 1970 wenyeji hukusanyika hapa kila siku ya sikukuu ya shukrani ya Marekani, wakaifanya siku ya maombolezo.

Binti yangu alilisoma bamba lote kwa sauti. Mji huu ulipo palikuwa na mji mwingine, Patuxet. Kati ya 1616 na 1619 maradhi yaliyoletwa na meli za Ulaya yaliufyeka. Mtu mmoja wa Patuxet, Tisquantum, alikuwa ametekwa mwaka 1614 na nahodha Mwingereza, akauzwa Hispania, akapenya hadi London, akarudi 1619. Alikuta mashamba yameota magugu na hakuna hata mtu mmoja wa kumpokea.

Usiku huu nalala nikimfikiria. Miaka mitano unaota kwenu, unafika, hakuna hodi ya kupiga.

Siku ya pili: makazi ya Patuxet

Makumbusho ya Plimoth Patuxet yako nje kidogo ya mji. Tangu 2020 jina la Patuxet limo katika jina lake. Sehemu moja ni kijiji cha Waingereza, na humo waigizaji husema na kutenda kama watu wa miaka ya 1620. Sehemu nyingine, kando ya mto Eel, ni makazi ya wenyeji, na huko hakuna maigizo. Wanaofanya kazi pale ni wenyeji wenyewe. Wamevaa ngozi ya kulungu, lakini wanazungumza kama watu wa leo, kuhusu wazee wao na kuhusu watoto wao. Nimeupenda sana utaratibu huo.

Aliyetupokea ni mama wa makamo, Mwampanoag, mikono yake imechafuka majivu. Binti yangu akamsomea neno kutoka kwenye karatasi yake kama tunavyolisoma sisi: wetu. Yule mama akatabasamu, akalitamka kwao: karibu na "wii-tu". Nikamweleza maana yake kwetu. Alinyamaza kidogo, akaomba nirudie, kisha akasema atawapelekea wenzake neno hilo.

Tulianzia kwenye wetu isiyo na nguo: mbavu tupu. Ni mierezi michanga, minene kama kifundo cha mkono, imemenywa magamba na kuchimbiwa ardhini kwa duara. Kila mche umekunjwa ukakutana na mwenzake wa upande wa pili, na fito za mlalo zimezunguka pande zote. Hakuna msumari hata mmoja. Mche hukatwa mbichi, ukingali unakubali kukunjwa. Ukishakauka katika umbo hilo haurudi nyuma. Viungo vimefungwa kwa kamba za gamba la ndani la mti. Gamba huloweshwa majini mpaka nyuzi ziachane, kisha husokotwa pajani kwa kiganja. Nilimweleza yule mama habari za usumba, jinsi kwetu makumbi ya nazi yanavyofukiwa kwenye tope la pwani miezi mingi, yakafukuliwa na kupondwa, ndipo kamba ipatikane. Aliuliza maswali matatu mfululizo kuhusu harufu yake. Anayeuliza harufu ni mtu anayeifanya kazi hiyo kweli.

Kukata na kukunja mierezi ilikuwa kazi ya wanaume. Nguo ya nyumba, yaani mikeka, ilikuwa kazi ya wanawake, na nyumba yenyewe ilihesabiwa kuwa yao.

Mikeka ndiyo iliyonikalisha chini. Mkeka wa nje ni wa matete ya kinamasi, yale yenye kichwa cha kahawia kama mshumaa. Nilidhani umesukwa kama mikeka yetu. Haukusukwa. Majani yamelazwa sambamba, moja likimpanda mwenziwe, halafu yameshonwa kwa shazia ndefu ya mfupa wa ubavu, iliyopinda kidogo na kulainika kwa kushikwa. Uzi unapita ndani ya majani, kwa nje hauonekani. Nikauliza kwa nini wasisuke. Akachukua mkeka akaumwagia kata ya maji. Majani yamesimama wima, maji yakateremka nayo mpaka chini. Ungesukwa, alisema, kila pale miyaa inapopishana pangekuwa kituo cha maji, na maji yakituama huingia.

Kisha akavunja jani kavu akampa binti yangu atazame mkato wake. Ndani mna vyumba vidogo vidogo, kama sega la nyuki lililonyooshwa, vimejaa hewa tupu. Hewa hiyo huzuia joto lisitoke na baridi isiingie. Tena jani likilowa hufura, likabana nafasi iliyoachwa na mwenziwe. Mvua yenyewe inaliziba paa.

Haikupita saa tukaliona hilo. Manyunyu yalianza, yakawa mvua, akatuita ndani. Mlango ni mfupi, unaingia umeinama, na pazia lake ni mkeka. Ndani moto uko katikati. Kitanda cha fito kimezunguka ukuta, kimetandikwa ngozi za kulungu na ya dubu mmoja. Mikeka ya ndani ni mingine kabisa, ya matete membamba, hii imesukwa na ina mapambo ya rangi. Ukuta kwa hiyo una mikeka miwili na hewa kati yake. Waingereza wa 1620 waliliona hilo na kuliandika: nyumba imevikwa nje na ndani, na ya ndani ndiyo mipya na mizuri zaidi. Juu kuna tundu la moshi lenye kifuniko kinachogeuzwa kwa mti mrefu kufuata upepo. Mvua ilipobadili upande, yule mama alinyanyuka, akausukuma mti kama shibri moja hivi, akakaa akaendelea na habari zake.

Sikutonewa tone. Sauti ya mvua ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Joto lilikuwa la kunifanya nivue koti, na nje zilikuwa nyuzi 7 tu. Nilikumbuka nyumba ya kupanga tuliyoishi mwaka wa kwanza Marekani, madirisha yakipitisha upepo mpaka mwanangu akalala na kofia.

Hapo jirani kuna nyumba ndefu ya majira ya baridi, wanayoiita nush wetu, nyumba ya mioto mitatu. Hii imevikwa magome ya miti badala ya matete, vipande vipana kama mabati, na fito za nje zinayakandamiza. Gome huvuliwa majira ya kuchipua, utomvu unapopanda na gome kukubali kuachana na mti. Familia kadhaa za ukoo mmoja zilikaa humo, usiku wa baridi ni mrefu, na hapo ndipo hadithi ziliposimuliwa. Elm na chesinati zilikuwa miti ya magome. Lakini ugonjwa wa ukungu ulioonekana New York mwaka 1904 uliimaliza misitu ya chesinati, na kuanzia miaka ya 1930 maradhi mengine yakaangusha miti ya elm. Leo fundi anayetaka kuvika nyumba ya babu yake anahangaika kutafuta mti. Hili lilinigusa kuliko nilivyotarajia. Unaweza kuhifadhi ujuzi wote, ukakosa msitu.

Kabla hatujaondoka yule mama alimpa binti yangu shazia, akamwongoza mkono mishono mitatu, kisha akamfungia konzi ya majani makavu na kamba yake aende nayo.

Siku ya tatu: Mashpee

Saa moja asubuhi nimempigia mama yangu Pangani, kule saa nane mchana. Baada ya shikamoo na marahaba nikamtumia picha za jana. Mama amesuka mikeka maisha yake yote, na maswali yake si ya kitalii. Majani wanakata mwezi gani? Wanaanika juani au kivulini? Pembe za mkeka wanazimalizaje? La kwanza nililijua: mwisho wa kiangazi. Mengine sikuwa nayo, nikaona haya.

Ilipofika picha ya mbavu tupu, akatazama kimya, akauliza, "Hawa wamekwenda dago?"

Wa pwani wananielewa. Mvuvi akienda dago huhamia kambi ya mbali kwa msimu, kufuata samaki, na kwake panabaki kwake. Nikamwambia ndivyo hasa. Wawampanoag walikaa karibu na bahari majira ya kupanda na kuvua, kwenye mashamba ya mahindi, maharage na maboga. Baridi ikikaribia walihamia bondeni, ndani ya msitu, kukwepa upepo wa bahari. Wanawake waliikunja mikeka wakaibeba. Mbavu walizikuta msimu mwingine palepale walipoziacha.

Kutoka Plymouth tumevuka daraja la Sagamore na kuingia Cape Cod, kama kilomita 50 hadi Mashpee. Hapa si makumbusho tu; hapa wanaishi. Pembeni mwa barabara kuna nyumba ya mbao ya mwaka 1793 iliyofanywa makumbusho ya kabila, na karibu nayo ngazi ya maji ambamo samaki wa heringi hupanda kutoka baharini kwenda kutaga ziwani. Tumewakuta wamejaa, migongo myeusi, wanaruka ngazi moja wanapumzika, wanaruka nyingine. Heringi ndio waliotiwa mashimoni kurutubisha mahindi. Binti yangu hakutaka kuondoka.

Jengo la ibada la Mashpee husemwa kuwa ni la 1684, la mbao, dogo, na limezungukwa na makaburi. Hata karne ya 18 wetu zilikuwa bado zimesimama huku, kando ya nyumba za mbao, nyingine zikiwa na viti na meza za Kiingereza ndani. Sikulijua hilo. Nilidhani mtindo mmoja ulifuta mwingine siku moja.

Kwa miti yao walipigana. Mwaka 1833 wakazi wa Mashpee walitangaza kwamba hakuna mtu wa nje atakayekata tena kuni katika ardhi yao bila ruhusa. Mwezi Julai, pamoja na mhubiri William Apess wa taifa la Pequot, walilishusha mzigo gari lililokuwa likipakiwa kuni zao. Apess alifungwa, lakini mwaka uliofuata jimbo liliwapa mamlaka ya kujiendesha. Mbele zaidi, 1978, walishindwa mahakamani walipodai ardhi, kwa sababu baraza la mahakama lilisema hawakuwa kabila wakati wote uliotakiwa. Serikali ya Marekani iliwatambua 2007. Fikiria kukaa mahali maelfu ya miaka, halafu ukasubiri karatasi ya kusema upo.

Hapa Mashpee pia ndipo lugha ilipoamshwa. Kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyeizungumza. Mwaka 1993 Jessie Little Doe Baird alianza na wenzake kuifufua kutoka maandishi, ikiwemo Biblia iliyochapwa Cambridge, Massachusetts, mwaka 1663. Sasa wana shule ya watoto wadogo inayofundisha kwa lugha hiyo, na jina lake ni Mukayuhsak Weekuw: nyumba ya watoto.

Siku ya nne: Truro

Siku fupi. Tumeendesha zaidi ya saa moja hadi Corn Hill, kilima cha mchanga juu ya bahari. Novemba 1620, kabla ya kufika Plymouth, Waingereza walifukua hapa maghala ya chini ya ardhi wakachukua mahindi ya mbegu. Siku chache baadaye walikuta karibu na hapa nyumba mbili ambazo dhahiri zilikuwa na watu wake. Waliandika wenyewe yaliyomo: mikeka, vyungu, mabakuli ya mbao, vikapu. Walichukua vile vizuri, nyumba wakaziacha zimesimama. Mahindi walikuja kuyalipa mwaka uliofuata, na hilo nalo ni kweli.

Miaka tisa baadaye, 1629, John Winthrop, aliyekuja kuwa gavana wa Massachusetts, aliandika hoja: wenyeji hawa hawazungushi ardhi uzio, hawana makazi ya kudumu, basi haki yao juu ya nchi ni ndogo. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi wiki hii. Ni hoja ya mtu aliyeona mbavu za wetu akadhani hapana mwenyewe. Mama yangu, aliye Pangani na hajafika hata Boston, alitazama picha mara moja akauliza wenyewe wamekwenda wapi.

Tuliporudi tulipita nyumba baada ya nyumba zimefungwa, mapazia yameshushwa, maboti yamefunikwa maturubai. Cape Cod ni nchi ya nyumba za kiangazi; wenye nyumba hizi wako mijini, watakuja Juni. Mwanangu aliuliza kama zimetelekezwa. Nikamwambia hapana, zina wenyewe, wamekwenda na watarudi kwa msimu. Alikaa kimya mpaka tukavuka Wellfleet, kisha akasema, "Sasa hizi mbona hakuna anayezichukua?" Sikumjibu haraka, na sikutaka.

Siku ya tano: Aquinnah

Feri kutoka Woods Hole inachukua dakika 45 hadi kisiwa cha Martha's Vineyard, ambacho Wawampanoag hukiita Noepe. Tumekwenda mpaka ncha ya magharibi, Aquinnah, kwenye majabali ya udongo yenye mistari myekundu, myeupe na ya kijivu. Husimuliwa kwamba jitu Moshup aliishi hapa, akiwakamata nyangumi kwa mikono na kuwabamiza majabalini, na wekundu wa udongo ni damu yao. Wawampanoag wa Aquinnah walitambuliwa na serikali 1987. Miji na mashamba yamebadilika mikono kisiwa kizima, na bei ya nyumba huku imewafukuza watu wengi, lakini majabali haya ni yao.

Majabali yanaliwa na bahari. Mnara wa taa wa matofali, uliojengwa 1856, ulikuwa umebaki ukingoni, na mwaka 2015 uliinuliwa mzima na kusogezwa kama mita 40 ndani. Nilisimama pale nikaona hata jengo zito kama hilo limebidi lijifunze kuhama.

Upepo ulikuwa mkali, tukakaa nyuma ya ukuta. Binti yangu alitoa majani yake, akanifanya nimshikie ncha, akashona. Hatuna shazia ya mfupa. Ametumia sindano ya magunia niliyonunua Falmouth. Alifika shibri moja na nusu.

Kwenye feri ya kurudi hatukuweza kumpigia bibi yake, kwao kulikuwa usiku wa manane. Alituma picha tu. Jibu tumelikuta asubuhi hii, tuko Lowell, sauti ya mama ikiwa bado na usingizi: "Mjukuu wangu, umejitahidi. Lakini mishono umeiachia, maji yatapita. Fumua, anza tena, na uzi ukaze kidogo kila jani."

Amekaa sakafuni jikoni, anafumua.